Msalaba wa Mti wa Chitambo

Boti ilitushusha Unguja saa tatu asubuhi, na saa tisa tulitakiwa tuwe tumerudi bandarini. Tulikuwa wanakwaya kumi na wawili wa kutoka Ndalambo. Tulikuwa tumekuja Dar es Salaam kuimba, na hadi wiki ile wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari. Vijana walitaka soko la Darajani. Mimi niliomba kwanza tulione Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini.

Ni kanisa la Kiingereza, lenye mnara na madirisha ya vioo vya rangi. Lilianza kujengwa 1873 chini ya Edward Steere, mmisionari Mwingereza, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Mwongozaji alituonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Alisema mafundi walikosea askofu akiwa safarini. Tulicheka sana. Kisha akatuonyesha duara la marumaru mbele ya madhabahu, akasema hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Hakuna aliyecheka tena.

Ndani kuna msalaba wa mbao. Mbao yake ilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, kwa jirani zetu Zambia. Chini ya mti ule ulizikwa moyo wa David Livingstone, 1873. Mwili, Chuma na Susi na wenzao waliukausha, wakaubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, na mwishowe ukazikwa London.

Hapo miguu iliniishia, nikakaa.

Mdogo wangu alifariki Kitwe mwaka 2009. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyeamua azikwe hukohuko, kwa kuwa fedha za kusafirisha mwili hazikutosha. Tangu hapo nimeimba kwenye misiba ya watu nikijiona mnafiki. Mungu nilimwomba msamaha mara nyingi. Mama sikuwahi.

Wenzangu walikwenda Darajani, mimi nikabaki. Sikusali sala ndefu. Nilitaja tu jina la mdogo wangu, mara mbili tatu.

Niliporudi Ndalambo nilimsimulia mama habari za mti ule, kisha nikamwomba anisamehe. Alinyamaza, akaendelea kupukuchua mahindi. Baadaye akauliza, “Na kwenye kaburi la mwanangu kuna mti?”

Nikasema, “Sijui, mama.”

Tukishavuna, tutakwenda Kitwe kuangalia. Amekwisha kuchagua mche.