Shilingi Elfu Moja Bila Makato

Mimi ni muuza duka Kiunga, karibu kabisa na mpaka wa Somalia. Huku korona ilitupiga mfukoni kabla mtu hajaugua. Mapema 2020 soko la China lilifungwa, bei ya kamba ikaanguka, na wateja wangu wengi wanaishi kwa kuvua kamba. Kisha ukaingia upepo wa kusi. Bahari ilipochafuka, mashua za mizigo kutoka Lamu zikawa za kubahatisha. Kafyu iliyoanza Machi 27 haikuwa ngeni kwetu, tuliionja 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, ila safari hii ilikuja pamoja na njaa.

Daftari la madeni likajaa. Kumnyima mke wa mvuvi kilo ya unga sikuweza. Kumkopesha kila siku nako ni kulifunga duka.

Aprili 25 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya sheria za kodi. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishuka kutoka asilimia 3 hadi 1, na wenye mauzo yasiyofika shilingi milioni moja kwa mwaka, kama mimi, wakaachwa nje kabisa. Nilishukuru. VAT nayo ilikuwa imeteremshwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini bei ya sabuni niliyonunua kwa jumla haikuteremka. Nauli ya mashua ilimeza kila kitu.

Kilichoniokoa hasa ni hatua ya Benki Kuu, katikati ya Machi: kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 bila makato. Vijana wetu walioko Mombasa na Malindi wakaanza kutuma mia mbili, mia tatu, moja kwa moja kwenye simu yangu. "Mkatie mama deni, ami, kilichobaki mpe mchele." Zamani hakuna aliyetuma mia mbili, kwani makato yalikuwa yakiila. Kwa vijisenti hivyo nilipata cha kuagizia mzigo, na duka halikufungwa, alhamdulillahi.

Nafuu hiyo ilikoma Desemba 31, 2020. Wavuvi wetu hawakuwa wamesimama bado. Ndugu zangu mlioko bungeni, iandikeni sheria ya kudumu: pesa ndogo ya simu isikatwe wakati wa janga, na isirudishiwe makato mpaka watu wa mwisho wa nchi nao wawe wamerejea kazini.