Baraza na Orodha

Kila nitokapo Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, gari likikaribia Tegeta macho yangu hukimbilia Wazo Hill, penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Mimi sikufanya kazi pale. Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kingine cha matanuri, nacho sitakitaja jina.

Neno lililotutia joto ujanani lilikuwa "kushirikishwa". Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, ukawakanya viongozi majivuno na ubabe, na katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam watu wakaweka zana chini kuupima ukweli wake.

Barazani tulizungumza sana: uzalishaji, vipuri, chai ya zamu ya usiku (chai hiyo ilitulia saa nzima!). Lakini baraza lilikuwa la kushauri tu. Mimi naona kamati ndogo ya wafanyakazi, iliyowekwa na sheria ya usalama wa kazi ya 1964, ilikuwa na meno zaidi ingawa haikupigiwa ngoma. Mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, ilimbidi kwanza ashauriane nayo.

Ikafika miaka ya tisini na ubinafsishaji wake. Kwetu orodha ya wanaopunguzwa ilibandikwa ubaoni Ijumaa, baraza halijaiona. Jina la tatu lilikuwa la mzee aliyetushauri barazani namna ya kupunguza mafuta ya tanuri. Ushauri wake ulikuwa umeshafuatwa. Mafuta yalipungua, naye akapungua.

Sasa mpwa wangu, aliye kiwandani, ameombwa aingie katika kamati. Akaniuliza, "Mjomba, nikubali?" Nikamwambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, kabla ya kupunguza watu, aeleze sababu, atoe taarifa na kushauriana juu ya njia ya kuwachagua. Basi kubali, nikamwambia, ila swali lako la kwanza liwe hili: orodha tutaletewa ikiwa haijaandikwa?

Sheria hiyohiyo iliweka kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Mpwa wangu alipiga hesabu kwa vidole. Siku 70, hata kwa aliyetumika miaka 30.