Digrii Arobaini

Kwa karibu miaka mitatu, kazi iliyonilisha ni kuwaeleza Wamarekani jinsi ya kukarabati mabafu yao. Marekani kwenyewe sijawahi kukanyaga. Oda inaingia usiku, maneno 800, senti kadhaa za dola kwa kila neno, na jina langu halitokei popote. Nimeandika kuhusu sakafu zinazopashwa joto kwa ajili ya kampuni ya Arizona (Arizona, manze, jangwani). Nimejifunza kwamba pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha tu kutoka nje kuja ndani, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukuletea joto la uniti tatu hivi. Najua kwamba tangu Januari 2023 viyoyozi vipya kule hupimwa kwa kipimo kinachoitwa SEER2. Hayo yote niliyaandika nikiwa nimejifunika blanketi Limuru, kwenye nyumba ambayo maji ya kuoga yalikuwa yanachemshwa kwa sufuria.

Kama hujui Limuru: tuko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai ukungu unaweza kukaa mlangoni hadi saa sita mchana kama mgeni asiyejua kuaga. Watu huku huoga kwa mahesabu.

Bafu letu alilijenga Mzee mwenyewe, nikiwa bado chekechea. Kuta za mawe, sakafu ya niru iliyopigwa ikang'aa, dirisha la vioo vya kukunja ambavyo viwili havijawahi kufunga sawasawa. Mlangoni aliweka kizingiti cha inchi sita ili maji yasitoroke kwenda koridoni. Alijivunia sana hicho kizingiti. Kisha mwaka jana, mwezi wa pili, akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala, na kile kizingiti kikawa mlima. Mimi namshika kwapani, Mathe anainua mguu, tunavuka. Ndani kuna kiti cha plastiki, karai, na niru yenye sabuni. Kila asubuhi nilikuwa nikihesabu hatua nne hadi kwenye kiti, moyo ukidunda.

Mathe naye alikuwa na mbinu yake ya kupambana na baridi: jiko la makaa, ndani ya bafu, mlango umefungwa. Nilimwambia hiyo hewa ya makaa haina harufu wala rangi, inakulaza tu, na kila msimu wa baridi tunasikia kwenye redio familia fulani haikuamka. Akaniangalia. "Sasa unataka baba yako aoge akitetemeka?"

Ni swali la haki. Sikuwa na jibu isipokuwa pesa, na pesa nilizokuwa nazo zilikuwa na kazi yake.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imelimbikizana, oda zilikuwa zinaingia, na nikaona afadhali nilipwe kwa kuandika kuliko kulipa ili niandike. Mzee hakugombana nami. Aliacha tu kuniuliza mambo. Kwa mwanaume ambaye alikuwa karani maisha yake yote na anayehifadhi hata risiti za mbolea za mwaka 1998, kuacha kuuliza ni adhabu nzito. Polepole nikaanza kuweka akiba ya kurudi kumaliza, na tulipofika mwezi wa tano mwaka jana ilikuwa imefika laki mbili na elfu thelathini. Mathe alijua. Nadhani Mzee pia alijua, kwa vile Mathe hajui kuficha kitu.

Fundi alikuja Jumamosi, akaangalia bafu dakika mbili, akasema, "Bosi, weka instanti, maisha yaendelee." Instanti ni ile shawa ya umeme iliyojaa kwenye fleti zote za Nairobi, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Kichwa chake ni elfu nne, tano. Na wacha niseme ukweli ambao wauzaji wa sola hawaupendi: kwa matumizi si ghali hivyo. Ya wati 5,500 ukiioga dakika kumi inakula uniti kama 0.9. Kwetu uniti moja ilikuwa inatugharimu karibu shilingi 28, kwa hiyo kuoga ni shilingi 25 hivi. Chai na mandazi mbili.

Shida iko kwenye waya. Wati 5,500 kwa volti 240 ni ampia 23. Hiyo inataka waya wake yenyewe, mnene, wa milimita sita, breka yake, na juu ya yote waya wa athi unaoingia ardhini kweli kweli. Nyumba yetu fundi alipoifungua, waya wa athi ulikuwa umeishia ndani ya ukuta. Haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Kila mtu aliyepanga Nairobi anaijua ile ngoma ya kufungua mfereji kwa kandambili kwa sababu bomba linauma. Tunaicheka. Lakini ngoma hiyo inamtaka mtu anayeweza kuruka. Mzee ameketi, amelowa, ana mkono mmoja. Ningeweza kuweka waya upya, sawa, ila kila nikifikiria siku moja mtu afanye kazi ya haraka hapo, nilihisi baridi ambayo si ya Limuru.

Kwa hiyo sola. Mirija ya vioo, lita 150, tangi limelala juu yake. Inavyofanya kazi ni rahisi hadi inapendeza: kila mrija una vioo viwili na katikati hamna hewa, kama chupa ya chai, kwa hiyo joto likiingia halitoki. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe hadi tangini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaweke mitambo ya aina hii. Kijijini kwetu wakati ule watu walikuwa wanasubiri umeme, si kanuni. Ilinigharimu elfu themanini na tano pamoja na kufungwa.

Fundi wa sola ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mzee anasikia joto na huo mkono?" Hasikii. Siku ya jua kali maji ya ile mirija yanaweza kupita digrii 80, na maji ya digrii 60 yanakuunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Mtu mzima huondoa mkono kabla hajajua ameuondoa. Mkono wa kushoto wa Mzee ungekaa hapo hapo ukiiva. Tukanunua vali ya kuchanganya, kidude kidogo cha shaba kinachopima maji yenyewe na kuyatoa kwa joto ulilopanga. Maji ya baridi yakikatika, kinafunga na ya moto. Elfu sita na mia tano. Tukaiweka arobaini.

Kazi nyingine zote zilikuwa za nyundo. Kizingiti kilivunjwa, na Mzee aliomba asogezwe kwenye koridoni aone. Hakusema neno. Sakafu ikapewa mteremko, sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, ili maji yaende yenyewe bila ukuta wa kuyazuia. Vigae tulichukua vidogo visivyong'aa: mistari ya saruji kati ya kigae na kigae inashika mguu. Muuzaji alinisukumia vile vinavyometameta kama sakafu ya benki, akashangaa nilivyokataa. Mlango ukageuzwa ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio kufuli. Dirisha la vioo vya kukunja likatoka, likaja la kufunga, na tundu dogo la hewa juu karibu na dari. Jiko la makaa likarudi jikoni, na Mathe hakulitaja tena.

Vyuma vya kushikilia vilichomelewa na jua kali wa hapo stendi, bomba la mabati, bolti zikaingia hadi kwenye jiwe lenyewe. Tulikaa nusu saa tukibishana vikae wapi. Ukuta mzuri ulikuwa kushoto mwa kiti. Mzee, ambaye siku hizi maneno yake hutoka mazito na machache, akainua mkono wa kulia akaonyesha upande wa pili. Tukageuza kiti. Katika makala zote nilizoandikia watu wa Arizona, hakuna hata moja iliyouliza: mkono upi?

Jumla ilikuwa laki mbili na elfu kumi na nne. Zilizobaki zilinunua dawa.

Mara ya kwanza aliingia na mimi. Nilimweleza ile vali, kwamba haiwezi kumchoma hata akitaka, imefungwa kwenye digrii arobaini. Akakaa kimya, maji yanamshukia mabegani. Kisha akasema, polepole, neno moja baada ya jingine, "Mimi nilikuitisha digrii moja tu." Na akacheka. Upande mmoja wa uso ndio uliocheka, lakini alicheka, nami nikasimama pale nimelowa suruali, sijui nitazame wapi. Baadaye, nikimfuta mgongo, akauliza chuo kinadai ngapi. Nikamwambia. Akasema hiyo si kidogo. Ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyofanya kuhusu jambo hilo.

Wiki ya tatu alianza kuingia peke yake. Anashika koridoni, anashika mlango, anashika chuma. Mathe husimama nje akijifanya anapanga nguo.

Mwaka huu ukungu wa Julai ulikaa siku kumi na moja mfululizo na mirija ikatupa maji ya digrii 27, ya kuoshea vyombo. Siku kama hizo kuna elementi ya wati 1,500 ndani ya tangi. Unaiwasha saa mbili, inakula uniti tatu. Sisi hujitahidi tusipite uniti 30 kwa mwezi, maana ukizizidi kampuni ya umeme inakupandisha bei. Swichi iko koridoni, usawa wa mkono wa kulia, na Mzee ndiye anayeiwasha. Mathe anagombana na tokeni, anaizima. Mzee anasubiri aende kuangalia ng'ombe, anaiwasha tena.