Kusikiliza kabla ya kuhukumu

Nikodemo aliwakumbusha Mafarisayo kwamba mtu husikilizwa kwanza, ndipo ahukumiwe. Lakini msichana akivimba tezi za shingo, sisi husema upesi: kifua kikuu, ukimwi, au amerogwa. Kumbe mwaka 1972, huko Japani, waganga Kikuchi na Fujimoto, kila mmoja kwa upande wake, walieleza ugonjwa nadra wa tezi hizo, unaohusishwa na kinga ya mwili iliyopotoka. Kwa kawaida hupoa wenyewe baada ya miezi michache. Sindano nyembamba huchota chembe za tezi, nazo hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Zisipotosha, hukatwa kipande. Asiyepimwa aweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi 6 bure, huku lupusi, ambayo mara nyingine hufuatana na ugonjwa huo, ikimla figo kimyakimya. Nasi tumekwisha kumtenga.