Ulimi na Neno

Nilitoka Nyamagana, penye maji mengi, nikaenda Dodoma, penye ukame, kumfuata rafiki yangu ambaye kazi yake ni kuonja mvinyo. Nchi ile kame huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ambapo Ulaya huvuna mara moja tu. Huko Hombolo mama mmoja mkulima, mtu mzima, alitumiminia mvinyo mwekundu. Rafiki yangu alionja, akatema, akaueleza kwa Kifaransa.

“Mwalimu, mwenzako asemaje?” mama aliuliza.

Mimi, mwenye shahada ya udaktari katika Kiswahili, nilijibu kuwa lugha yetu haina neno la ladha ile inayokaza ulimi.

Mama alicheka kwa adabu. “Si ukakasi huo, mwanangu? Hutoka katika maganda na kokwa.”

Niliona haya. Neno hilo nililijua tangu utotoni, nilipouma ndizi mbichi kando ya ziwa. Bali sikulidhania kuwa lastahili kitu cha thamani. Upungufu haukuwa wa lugha, ulikuwa wangu. Siku hizi mwanafunzi akiniambia kuwa Kiswahili hakina neno, humwuliza kwanza: umemwuliza nani?