Sindano Isiyoingia

Kwetu Litembo, mgonjwa akirudi kutoka hospitali swali la kwanza haliwi "wamesema unaumwa nini?" Huwa ni "wamekuchoma?" Akijibu kwamba amepewa vidonge tu, wote wawili wanaisikia hiyo "tu". Sindano ndiyo dawa. Vidonge ni vya kukusindikiza nyumbani. Na kabla ya sindano kulikuwa na chale: wembe, mikato midogo mahali panapouma, unga mweusi unasuguliwa humo. Bibi yangu anazo sita chini ya mgongo. Anasema zilimsaidia, mpaka zilipoacha.

Mgongo wa bibi ni mgongo wa ngoro. Kwa ambaye hajafika Umatengo: milima yetu ni mikali, mvua ingeshaubeba udongo wote zamani kama si ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza katika miraba, kisha wanawake wanainama na jembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule, mpaka mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Maji yanatulia mashimoni, mahindi na maharage yanaota kwenye matuta. Wataalamu wa kilimo wameusifu sana ujuzi huu, na wana haki. Sijakutana bado na aliyehesabu migongo.

Ndiyo maana, nilipotakiwa kuandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili, niliandika kuhusu sindano za Kichina, akupancha, kwa wanawake wenye maumivu ya mgongo. Wazo halikutoka mbali. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968, na watu wengi nchini wamewahi kusikia habari za sindano zao nyembamba. Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili, akauliza swali moja: "Kundi lako la kulinganisha litapata nini?"

Kwa vidonge jibu ni rahisi. Unatengeneza kidonge cha wanga chenye rangi na ukubwa uleule, na hata anayekigawa hajui kipi ni kipi. Sindano je? Mtu anajua kama amechomwa. Tatizo hili liliwasumbua watafiti miaka mingi, mpaka mwaka 1998 Konrad Streitberger na Jürgen Kleinhenz, Wajerumani, walipochapisha habari za sindano yao ya bandia. Ncha yake ni butu. Ukiisukuma, haipenyi ngozi. Shina linateleza na kujificha ndani ya mpini, kama kisu cha maigizo. Kijipete na plasta vinaishikilia isianguke. Mgonjwa anahisi kitu kinamdunga, anaiona sindano ikifupika, anaamini imeingia.

Matokeo ya kulinganisha kwa njia kama hizi yana ukaidi wake. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo katika makundi matatu. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata sindano za kweli, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa kijuujuu, mahali ambapo kwa mafundisho ya Kichina hapana maana yoyote, asilimia 44.2. Waliopata matibabu ya kawaida, yaani dawa na mazoezi: asilimia 27.4.

Unaweza kusoma namba hizo ukasema akupancha ni kiini macho, maana bandia imekaribiana na halisi. Unaweza kuzisoma ukasema hata bandia imeishinda hospitali. Wenye bima Ujerumani walikwishaamua kulipia. Mimi naona zinasema kitu kingine: kundi la bandia linaondoa kila kitu isipokuwa ncha, na hicho "kila kitu" ni kikubwa. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake, Marekani, walijaribu kukipima. Walichukua wagonjwa 262 wa tumbo na utumbo unaosumbua. Waliosubiri tu, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Waliopata sindano ya bandia kutoka kwa mtaalamu asiye na maneno mengi, 44. Waliopata bandia hiyohiyo kwa mtaalamu aliyekaa nao, akawauliza habari zao, akawasikiliza, 62. Nilipoisoma nilimfikiria mwanamke wa ngoro. Kulala chali mchana, nusu saa, mtu akikuuliza panauma wapi: hilo peke yake, kwa wengi wao, halijawahi kutokea tangu walipojifungua mara ya mwisho.

Nikaandika fomu ya ridhaa, na hapo Kiswahili kikanikwamisha. "Dawa bandia" kwetu ni zile feki zinazokamatwa madukani. Nimeona pia wanaotafsiri "kipozauongo", neno zuri, lakini limeshakuambia mwisho wa hadithi. Likizo nikaipeleka fomu kwa bibi, nikamsomea jikoni.

"Kwa hiyo," akasema, "nishuke mlima, nivue, nilale, halafu mtu aliyesoma anidanganye."

"Hakudanganyi, bibi. Umeambiwa mapema kwamba huenda ukapata ile isiyo ya kweli."

"Nimeambiwa huenda nitadanganywa." Akachochea moto. "Na anayenichoma anajua?"

"Anajua."

"Basi uso wake utaniambia."

Nimesoma sura nzima za vitabu kuhusu jambo hilo. Katika utafiti wa vidonge unawafumba macho mgonjwa na mtoa dawa. Katika sindano hizi anayechoma kwa kawaida anabaki ameona, na pengine mkono wake unasema. Bibi hakuhitaji kitabu. Kisha akauliza lililonikalia mpaka leo: "Na mkimaliza, mimi niliyechomwa ya uongo nikapona, mtaniambia?"

Fomu haikuwa na mstari wa kujibu hilo.

Nikajaribiwa kuliondoa kundi la bandia kabisa. Wachomwe wote, waulizwe wanaendeleaje, basi. Lakini nina mdogo wangu mwenye pumu. Litembo ya mwezi wa saba ni baridi na ukungu, na usiku wake naujua kwa sauti ya kifua chake. Na nilikuwa mtoto mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Loliondo kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakisema wamepona. Mwaka huohuo ulitolewa Marekani utafiti mdogo wa wagonjwa wa pumu. Kila mmoja alipitia njia nne kwa zamu: pampu yenye dawa, pampu tupu, sindano ya bandia, na kutofanyiwa kitu. Walipoulizwa, walisema wamepata nafuu kwa asilimia 50 kwa dawa, 45 kwa pampu tupu, 46 kwa sindano ya bandia, na 21 kwa kutofanyiwa kitu. Walipopuliza kwenye kipimo, pumzi iliongezeka kwa asilimia 20 kwa dawa, na kama 7 tu kwa zile nyingine tatu.

Hakuna aliyesema uongo pale. Walijisikia vizuri kweli, na vifua vyao vilikuwa vimebana kweli. Mdogo wangu ni mpole. Ukimuuliza kwa upendo kama anaendelea vizuri, atasema ndiyo huku anatafuta hewa. Bila sindano isiyoingia, na bila kipimo kisichomwonea mtu haya, tungemwamini.

Mgongo hauna kipimo cha kupuliza. Maumivu ni yale anayoyasema mwenye mgongo, ingawa unaweza pia kuhesabu ngoro alizochimba kwa siku. Nikayaweka yote mawili. Nikabaki na kundi la bandia, nikaongeza la matibabu ya kawaida: wanawake 90, 30 kila kundi, jaribio dogo la kuandaa kubwa. Neno la fomu alinipa bibi mwenyewe, bila kujua kwamba ananipa: "Hiyo yenu isiyoingia." Nimeandika hivyo, sindano isiyoingia. Na nikaongeza mstari: mwishoni kila mmoja ataambiwa alichopata, na asiyepata ya kweli atapewa akitaka.

Siku ya kutetea pendekezo, mjumbe mmoja wa jopo aliusoma mstari huo mara mbili. Akauliza: mwanamke aliyepona kwa sindano isiyoingia, ukishamwambia, maumivu yakirudi je?

Nilirudi kwenye bajeti. Nimeongeza ziara moja, wiki 4 baada ya kila mmoja kuambiwa, ya kumuuliza tena mgongo unasemaje. Ni nauli ya bodaboda kwa watu 90, kwenda na kurudi, na wakati wa mvua wenye bodaboda wanapandisha bei.