Tezi Isiipite Omo

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi kule Lamu. Nilipokuwa mdogo alinifunza majina ya chombo: omo mbele, tezi nyuma, na shikio, ambalo wengi leo huliita usukani. Niliyahifadhi kama sarafu za kale zisizonunua kitu. Sikujua kwamba yangenifaa mbali na bahari, katika uwanja wa nyasi huko Kajiado.

Nilikuwa tayari na leseni ya urubani, lakini ndege nilizozizoea zilikuwa na gurudumu la tatu chini ya pua. Sasa nilitaka kurusha Piper Super Cub, ndege iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, na ambayo walinzi wa wanyamapori wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi kwa kuwa hutua hata pasipo uwanja wa maana. Gurudumu lake la tatu li mkiani. Ikiwa chini, pua huelekea juu. Rubani haoni mbele, naye hulazimika kwenda mshazari, kulia na kushoto, apate kuchungulia njia.

Ugumu wenyewe u katika kutua. Kitovu cha uzito kipo nyuma ya magurudumu makuu. Ndege ikipinda kidogo, uzito huo huusukuma mkia utake kuipita pua. Usipouzuia mapema kwa miguu, ndege huzunguka kama pia, na bawa huweza kugonga ardhi.

Siku ya tatu mambo yalinienda mrama. Upepo wa ubavuni ulitupiga magurudumu yakiwa yamekwisha kugusa nyasi. Kanuni niliijua kwa Kiingereza, neno kwa neno. Miguu yangu haikuijua. Mwalimu, aliyeketi nyuma yangu, alikanyaga pedali kwa nguvu, tukasimama nje ya njia. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, ukigusa chini ndipo kazi inapoanza."

Usiku ule nilidhamiria kuacha. Kisha nikamkumbuka babu akieleza wimbi la nyuma: huisukuma tezi itake kuwa omo. Usingoje kuona imeondoka, alikuwa akisema. Mkono usitoke kwenye shikio, sahihisha kidogo kidogo kabla chombo hakijaamua.

Asubuhi nilirudi. Nilipokaribia nyasi nilinong'ona, "Tezi, tezi," na miguu ikaanza kucheza yenyewe. Magurudumu matatu yaligusa kwa pamoja. Sikuiacha pedali mpaka ndege iliposimama kabisa.

"Ulikuwa ukisema nini?" mwalimu aliuliza.

"Jina la mkia, mwalimu."

Twalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa urubani. Huenda sehemu yake imelala majahazini, ikingoja kuamshwa. Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi nawauliza, wapenzi wa lugha: ndege inapozunguka mkia ukaipita pua, tuuiteje mzunguko huo? Babu angelijua jina lake. Sikuwahi kumuuliza.